Rangi ing'aayo gizani, na kile kilichokuwa chini yake

Habari ya leo ilianzia nyumbani kwangu, Jumamosi moja ya likizo kubwa. Saa moja ya jioni umeme ulikatika katika kartie yetu, kama tulivyozoea. Nilikuwa bado natafuta kiberiti nikasikia watoto wanashangilia. Nilipogeuka, niliona juu ya meza samaki wadogo 12 wa kijani wanang'aa kama vimulimuli. Hapakuwa na taa wala mshumaa. Waling'aa wenyewe.

Zilikuwa ndobo za mdogo wangu. Yeye ni mvuvi kule Kalemie, na kila mwaka anakuja Lubumbashi kwa siku chache kununua nyuzi, ndobo na vitu vingine vya kazi. Analala kwangu. Safari hii alikuwa amefika hadi Kasumbalesa na rafiki yake, akarudi na chupa mbili ndogo za rangi inayong'aa usiku. Mchana kutwa alikuwa mezani akipaka ndobo zake, na binti yangu wa miaka 7 ndiye aliyekuwa msaidizi wake.

Nilipowasha mshumaa, nikamwona binti yangu akifanya jambo lililonishtua moyo. Alitia ncha ya brashi mdomoni, akaikusanya kwa midomo ili iwe nyembamba, kisha akachora jicho la samaki. Nilimpokonya brashi kwa nguvu hata akalia.

"Yaya, ni rangi tu," mdogo wangu akasema. "Mbona unamliza mtoto?"

"Mwache alie," nikamjibu. Wazee walikwisha kusema: mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Usiku ule sikulala vizuri. Leo nawaandikia kwa sababu siku zilizofuata nilijifunza kwamba nilifanya vema kuogopa, lakini nilikuwa naogopa kitu ambacho sicho.

Kwa nini mvuvi anataka ndobo ing'ae?

Wengi wetu tunawajua ndakala na mikebuka sokoni tu, wakiwa wakavu au wa moshi. Hatuwazi namna wanavyokamatwa. Katika ziwa Tanganyika uvuvi huo ni kazi ya usiku. Wavuvi wanaingia majini jioni na taa. Zamani zilikuwa taa za petroli za kupiga pampu. Siku hizi wengi wana taa za batri. Mwanga unavuta wadudu wadogo wa majini, wadudu wanavuta ndakala, na ndakala wanamvuta mkebuka, kwa sababu huyo ndiye anayewala. Ndiyo maana mwezi ukiwa mpevu wavuvi wanapumzika: mwanga umeenea ziwa zima, na taa ya mtumbwi haina tena nguvu ya kuita samaki.

Mkebuka anakamatwa kwa wavu, lakini pia kwa kamba ya mkono yenye ndobo. Mvuvi anaishusha ndobo chini, anaivuta juu kidogo, anaiachia tena, hivyo hivyo, hata ionekane kama samaki mdogo aliyejeruhiwa. Hakuna chambo cha kuliwa. Samaki anadanganywa na kitu kinachometa na kuchezacheza. Ili ishuke haraka, ndobo ya namna hii ina kichwa kizito. Mkumbuke hicho kichwa, tutakirudia.

Na kwa nini rangi ya kijani? Kwa sababu maji yanameza rangi. Nyekundu inapotea kwanza, karibu tu na uso wa maji. Bluu na kijani zinafika chini zaidi. Basi ndobo yenye jicho la kijani linalong'aa inaweza kuonekana hata pale mwanga wa taa umeishiwa nguvu. Mdogo wangu hakuwa anacheza. Alikuwa anatafuta chakula cha watoto wake.

Brashi mdomoni

Sasa niwaeleze kwa nini nilipiga kelele. Nilipokuwa nasomea ualimu, nilisoma habari ya wasichana wa Marekani ambayo sijaisahau.

Mwaka 1898 Marie Curie na mume wake Pierre waligundua radiumu, madini yanayotoa mionzi bila kupumzika. Ukiichanganya radiumu kidogo na unga wenye zinki, unga ule unang'aa usiku kucha, bila kuhitaji jua. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, wasichana waliajiriwa kupaka rangi hiyo kwenye namba za saa, ili askari waweze kusoma saa gizani. Kazi ililipa vizuri. Namba zilikuwa nyembamba, kwa hiyo walifundishwa kukusanya ncha ya brashi kwa midomo: mdomoni, katika rangi, kwenye saa; mdomoni tena. Waliambiwa haina ubaya. Wengine walijipaka kwenye kucha na meno kabla ya kwenda kucheza dansi. Rangi za radiumu zilitangazwa pia kwa namba za nyumba, macho ya wanasesere, hata chambo cha kuvulia samaki.

Kisha meno yao yakaanza kung'oka, na mifupa ya taya ikaoza. Mollie Maggia alikufa mwaka 1922, bado kijana. Mwenzake Grace Fryer alitafuta mwanasheria kwa miaka miwili kabla ya kumpata mmoja wa kumsimamia. Mwaka 1927 yeye na wenzake wanne waliishtaki kampuni, na mwaka 1928 kampuni ilikubali kumlipa kila mmoja dola 10,000, na dola 600 kila mwaka. Walikuwa wamekwisha kuharibika miili.

Habari hii inatugusa sisi kuliko wengine. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Sharp aligundua mawe ya uraniumu Shinkolobwe, si mbali na Likasi. Ndani ya mawe hayo mna radiumu. Union Minière iliyapeleka Olen, kule Ubelgiji, na tangu mwaka 1922 radiumu ya Katanga ikaingia sokoni. Mawe yetu yalikuwa tajiri sana hata migodi ya radiumu ya Marekani ikashindwa kushindana nayo. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya radiumu ya dunia nzima ilitoka katika udongo huu tunaokanyaga. Watu wengi wanalijua jina la Shinkolobwe kwa ajili ya bomu la mwaka 1945. Wachache wanajua kwamba kabla ya bomu kulikuwa na rangi na brashi.

Radiumu imo ndani ya chupa hii?

Jumatatu nilimpelekea mwalimu mwenzangu, anayefundisha kemia, chupa ya rangi na ndobo moja. Hakucheka. Alizifunga katika kopo la chuma, akasema nirudi Jumatano. Siku hiyo tuliingia katika chumba chenye giza, akafungua kopo. Hakuna kitu kilichong'aa. Akaimulika ndobo kwa tochi ya simu kwa dakika moja, akazima. Ikang'aa kijani, nzuri kabisa.

"Umeona?" akasema. "Radiumu haiombi mwanga kwa mtu. Hii inaomba. Inakunywa mwanga, halafu inautema polepole."

Akanieleza kwamba mwaka 1993, kule Japani, kampuni ya Nemoto ilileta unga mpya uliotengenezwa kwa strontiumu na aluminiumu. Unga huo unang'aa kwa nguvu na kwa muda mrefu kuliko unga wa zinki wa zamani, na hauna mionzi. Rangi nyingi zinazong'aa leo, za ndobo, za kucha, za michezo ya watoto, ni za ukoo huo. Si za kulamba, kwa sababu hakuna rangi ya kulamba, lakini hazili mifupa.

Alinipa onyo moja. Kama babu alikuachia saa ya zamani, ya miaka ya 1950 au kabla, yenye namba zilizopakwa rangi ya kung'aa, usiifungue wala usimpe mtoto aichezee. Huenda haing'ai tena, kwa maana unga wa zinki umechoka. Radiumu yenyewe haijachoka: inahitaji miaka 1,600 ili ipungue nusu.

Nikashukuru, moyo umetulia, nikanyosha mkono kuchukua ndobo niondoke. Yeye hakuiachia. Alikuwa anaipima uzito kiganjani.

"Mwalimu, kichwa hiki ni cha nini?"

"Ni cha risasi. Plombo. Mdogo wangu anaiyeyusha mwenyewe, kutoka batri za gari zilizokufa."

"Anaiyeyushia wapi?"

Sikujibu mara moja. Jibu lilikuwa: kwenye mbabula yangu. Ile ile ninayopikia bukari.

Plombo haing'ai, haina harufu

Kwa likizo mbili mdogo wangu alikuwa anaweka kopo la plombo juu ya makala yangu, nyuma ya nyumba, na watoto wamemzunguka kuangalia. Plombo inayeyuka kwa joto la digrii 327, na makala ya kawaida yanafika huko bila shida. Inapoyeyuka inakuwa kama maziwa ya fedha. Watoto wanapenda kuiangalia. Moshi na vumbi vyake vinaanguka juu ya udongo, juu ya nguo, juu ya sufuria, juu ya mikono. Halafu mikono inaingia mdomoni.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha plombo katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara. Mtoto mdogo anaweza kufyonza plombo mara 4 hata 5 kuliko mtu mzima aliyemeza kiasi kile kile. Inapunguza damu, inaleta maumivu ya tumbo na kufunga choo, lakini ubaya wake mkubwa uko katika akili: mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, hatulii, anasahau. Mimi ni mwalimu. Nimewahi kumwita mtoto wa namna hiyo mvivu. Sasa najiuliza.

Mjue pia jambo hili, wamama. Radiumu na plombo zina ujanja mmoja: mwili unazidhani ni kalisiumu, ile inayojenga mifupa. Mfupa unazipokea kama mgeni wa kawaida na kuzipa chumba. Plombo inakaa mfupani miaka mingi, na mama akipata mimba au akinyonyesha, mwili wake unapokopa kalisiumu katika mifupa, plombo nayo inatoka na kumfikia mtoto. Wale wasichana wa Orange na mama anayepikia karibu na batri zilizopasuliwa, mlango ulioingiliwa ni ule ule.

Si hadithi za mbali. Huko Thiaroye-sur-Mer, karibu na Dakar, kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 walikufa pale watu walipopepeta udongo wa batri wapate plombo ya kuuza. Huko Owino Uhuru, Mombasa, mama mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa katika kiwanda cha kuyeyusha batri, na mtoto wake mchanga akaugua. Alipojua ni plombo, hakunyamaza. Alipigania mtaa wote hata kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Goldman. Na hapa kwetu Katanga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya madini wana metali nyingi mwilini, na watoto wana nyingi kuliko wakubwa. Kwa hiyo mtoto wetu hana nafasi ya kuongezewa nyingine jikoni.

Mazungumzo na mdogo wangu

Nilipomwambia, alikasirika kwanza. Alisema wazee wake wote walivua na plombo na hawakufa. Sikubishana naye. Nilimwuliza tu: "Na kule Kalemie unaiyeyushia wapi?"

Akanyamaza muda mrefu. Mke wake ana mimba ya miezi mitano.

Asubuhi yake hakunywa hata chai. Alikwenda kwa mtu anayechomelea milango, akarudi na mfuko wa vipande vya chuma cha kujengea, vimekatwa urefu wa kidole kimoja, na mfuko wa nati kuukuu. Chuma ni chepesi kuliko plombo, kwa hiyo kichwa kinapaswa kuwa kikubwa zaidi, karibu mara moja na nusu, ili kishuke kwa mwendo ule ule. Hakihitaji moto. Anafunga ndobo kwa waya, anabana, imekwisha.

Kazi ya kupaka rangi tuliifanya wamama sita wa likelemba yetu, kwa siku mbili. Tumeona inafaa hivi:

Kwanza, safisha chuma kwa msasa nje ya nyumba, ukaushe. Pili, paka rangi nyeupe, uache ikauke kabisa. Mkipaka rangi ya kung'aa moja kwa moja juu ya chuma cheusi, mwanga unamezwa na hamtaona kitu. Tatu, koroga chupa vizuri, kwa maana unga ni mzito na unalala chini. Paka tabaka mbili au tatu nyembamba. Tabaka moja nene linapasuka. Jicho na mstari wa mgongo vinatosha, kwani rangi ina bei. Nne, malizia kwa vernisi isiyo na rangi, kwa sababu maji yanaharibu unga huo. Tano, zibua tundu la ndobo kwa sindano kabla vernisi haijakauka. Ncha ya brashi inakusanywa kwa kitambaa chenye unyevu. Kwa kitambaa, si kwa mdomo.

Tulimaliza ndobo 40. Alitulipa kwa kila moja, si nyingi, lakini kila mama alirudi nyumbani na pesa ya mboga. Juma lililopita alituma ujumbe: "Yaya, mkebuka haulizi kichwa ni cha nini. Leta nyingine."

Tufanye nini nyumbani?

Batri iliyokufa isipasuliwe nyumbani, na plombo isiyeyushwe mahali watu wanapopika, wanapolala au watoto wanapocheza. Kama anaye mume, ndugu au jirani afanyaye kazi hiyo, aambiwe kwa upole lakini aambiwe.

Mbabula, kopo au sufuria iliyowahi kuyeyushia plombo isirudi tena jikoni. Moto hauisafishi. Yangu nimeitoa.

Mahali palipochafuka pafutwe kwa kitambaa chenye maji, pasifagiliwe pakavu, maana ufagio unarusha vumbi hewani. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake.

Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Uzito wa ndobo au wa wavu usitiwe mdomoni wala usiumwe kwa meno. Wavuvi wengi wana desturi ya kubana plombo kwa meno.

Watoto wasikae na njaa, na wapate kalisiumu na chuma cha kutosha katika chakula, kwani mwili ulioshiba hivyo unapokea plombo kidogo. Ndakala wanaoliwa wazima na mifupa yao, pamoja na sombe na maharagwe, ni kinga iliyo sokoni kwetu.

Na ukiwa na wasiwasi, mwambie nesi au daktari waziwazi: "Nyumbani kwangu waliyeyusha plombo." Macho hayawezi kuiona, ni kipimo cha damu tu kinachoonyesha. Mimi nilikwenda. Kwenye kituo cha kwanza kipimo hicho hakikuwepo, na mahali pengine bei ilikuwa juu ya mshahara wangu. Zamu yangu ya likelemba ilikuwa ya mwezi wa kumi na mbili. Nilipowaeleza wenzangu, mama prezida hakusema maneno mengi. Alifungua daftari, akabadilisha jina. Zamu yangu ni mwisho wa mwezi huu, na tutampima binti yangu.

Juzi umeme ulikatika tena. Binti yangu aliniuliza kama bado nimekasirikia rangi. Nikamwambia hapana, rangi haina kosa. Tukachukua ndobo moja ya chuma aliyopewa na mjomba wake, iliyokatwa ncha isije ikamchoma, tukaimulika kwa simu, tukaketi wote wawili gizani kuitazama hata mwanga wake ukaisha. Kisha tukaenda kunawa mikono.